Kishikio cha Chuma

Sibomana alikuwa mpiga picha wa Biryogo, mtaa wa Kigali, tangu enzi ambazo watu waliazima viatu kabla ya kuingia studio. Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye ukuta wa buluu uliochorwa maporomoko ya maji, na dirisha kubwa lililotazama barabara ya udongo. Mafundi cherehani, wauza vitenge, maharusi, watoto waliotoka jandoni, wote walikwisha kusimama mbele ya maporomoko yale. Kitu alichojivunia zaidi ya vyote kilikuwa mkono wake. Wapiga picha wengine waliegemea mlango, au waliweka kamera juu ya trepye, ile miguu mitatu ya kusimamishia. Sibomana alisimama wima katikati ya chumba, akazuia pumzi, akabonyeza, na picha ikatoka safi hadi unyusi wa mwisho.

Mwezi wa kumi mwaka 1990, vita vilipoanza kaskazini, askari walikuja kumchukua. Hakuambiwa kosa lake. Aliwekwa katika uwanja wa mpira wa Nyamirambo pamoja na maelfu ya wengine, bila kivuli na karibu bila maji, na siku aliponyoosha mkono kupokea kopo la maji kutoka kwa jirani yake, askari aliukanyaga ule mkono kwa buti na kuusagia chini. Alirudi nyumbani mwisho wa mwaka. Mifupa ilikuwa imeunga yenyewe, vibaya. Kidole gumba hakikukunjika tena, na mkono wote wa kulia ulitetemeka, kidogo tu, kama kifuniko cha sufuria maji yanapokaribia kuchemka.

Mkewe, Nyiraneza, aliona asubuhi ya kwanza, chai ilipomwagikia kwenye sahani.

"Baba Ikirezi," alisema, "ile trepye ya marehemu Mzee Rashidi iko nyuma ya kabati."

"Iache hukohuko."

"Naiacha. Nasema tu kwamba iko."

Mzee Rashidi ndiye aliyemfundisha Sibomana kazi, akamwachia trepye ya mbao yenye miguu imara lakini isiyo na kichwa. Kile kishikio cha juu, kinachoibana kamera isicheze, kilikuwa kimepotea zamani. Kukipata kingine lilikuwa jambo la safari moja ya mjini. Lakini Sibomana hakutaka watu waulize kwa nini ghafla anahitaji trepye. Siku zile mkono uliovunjika ulikuwa ushahidi kwamba mwenyewe aliwahi kushikwa, na aliyewahi kushikwa aliitwa icyitso, msaliti wa ndani, hata kama aliachiwa bila kesi. Kwa hiyo mkono aliuficha mfukoni. Picha za vitambulisho alizipigia uani, kwenye jua kali, ambako jicho la kamera hufunguka na kufumba upesi mno kiasi cha mtetemo kutoonekana. Akajiambia kwamba mambo yanakwenda.

Baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata, mwanamke mmoja aitwaye Cécile alimwomba ampigie picha binti yake siku ya komunyo ya kwanza. Cécile alikuwa Mrundi, mzaliwa wa Bujumbura, amekulia mtaa wa Buyenzi ambako Kiswahili ndicho lugha ya mlangoni na ya jikoni. Aliolewa Kigali, akafiwa na mume, akabaki na mtoto mmoja, Ingrid, na cherehani moja. Waliishi mlimani Rebero. Gauni la komunyo alilishona mwenyewe, jeupe, na mikono ya gauni ameitia utepe wa lesi.

Kanisani palikuwa na giza, na padri alikuwa amekataza flashi. Sibomana alipiga picha nyingi. Aliposafisha filimu aliziona zote zikielea: gauni lilikuwa wingu, mshumaa ulikuwa mstari, na mahali pa uso wa mtoto palikuwa na doa la rangi ya maziwa.

"Filimu ilikuwa mbovu," alimwambia Cécile alipokuja kuzichukua. "Wameniuzia iliyopitwa na wakati. Mlete Jumapili yoyote na gauni lake, nitampiga tena. Hutalipa kitu."

Cécile alizitazama zile picha muda mrefu. Alitazama na mfuko wa koti la Sibomana, ambako mkono wake ulikuwa umejificha. Kisha akachukua moja, akasema, "Haya, mzee. Tutakuja."

Jumapili zilipita. Mara mvua, mara kizuizi barabarani, mara gauni limeazimwa na binti wa jirani. Kiangazi kilipoanza, Ingrid aliamka na homa na shingo iliyokakamaa. Mugiga, walisema hospitalini, ugonjwa wa uti wa mgongo. Hakumaliza juma.

Sibomana hakwenda msibani. Alivaa, akafika hadi barabarani, akarudi. Nyiraneza alikwenda peke yake, na aliporudi alivua viatu mlangoni akakaa, mpaka mumewe akamuuliza.

"Wameweka ile picha ya kanisani," alisema. "Juu ya meza, na maua. Hawana nyingine. Watu wanaingia, wanaitazama, wanatazama chini."

Cécile alikuja studio baada ya kumaliza matanga. Alikuwa amenyoa nywele na kukonda. Sibomana alisimama nyuma ya meza yake. Siku zote alimwita Mama Ingrid, na sasa hakujua kama jina lile bado linafaa.

"Mama..." alianza.

"Niite vilevile," alisema Cécile. "Watu wote wameacha kuniita hivyo, kana kwamba na mimi nimezikwa. Bado ni mama yake."

"Mama Ingrid. Ihangane, jipe moyo."

"Nimekuja kwa kazi."

Alitoa kwenye mkoba picha iliyofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa picha ya darasa zima, iliyopigwa mbele ya ukuta wa shule. Watoto walipangwa kwa safu, wa mbele wamekaa chini. Ingrid alikuwa safu ya nyuma. Uso wake ulitoshana na punje ya mahindi.

"Aliyeipiga ni mzungu aliyekuja kutembelea masista," alisema. "Amekwisha kurudi kwao, hakuna anayejua wapi. Unaweza kumtoa humu? Yeye peke yake? Nataka uso."

Sibomana aliisogeza picha dirishani. Kazi ile aliijua. Unailaza picha mezani, unaiweka kamera juu yake ikitazama chini moja kwa moja, karibu kabisa, unaacha jicho lake wazi muda mrefu ili likusanye mwanga. Kamera ikicheza hata unywele mmoja, uso ule mdogo unafutika. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kazi hiyo, seuze wa kwake.

"Naweza," alisema.

Alikwenda mjini, kwenye duka la Silvère, mfanyabiashara Mrundi aliyeuza filimu, betri na vitu vya kamera vilivyopitia Bujumbura. Mlangoni alikuta wateja kadhaa, na miongoni mwao Habiyaremye, mpiga picha kijana mwenye studio karibu na posta, mwenye mdomo usiotulia.

"Mzee wa Biryogo!" alisema Habiyaremye. "Leo umekuja kununua nini?"

"Kishikio cha trepye."

"Trepye? Wewe? Si ulisema trepye ni ya wazee na wagonjwa?"

Watu walicheka. Sibomana naye alicheka, mkono ukiwa mfukoni.

Silvère aliweka vishikio viwili juu ya kaunta. Kimoja kilikuwa chepesi, cheusi, kipya, chenye klapu pembeni, kibanio kidogo cha kusukuma.

"Hiki iko cha kisasa," alisema. "Unafunga hili bamba dogo chini ya kamera, unalitelezesha hapa, unasukuma klapu kwa kidole gumba. Ikilia 'ta', kamera imeshikwa. Ukitaka kuitoa, unasukuma tena. Upesi. Wapiga picha wa harusi wanakipenda."

Cha pili kilikuwa cha chuma kitupu, kizito, kimepinda kama kiwiko, na skrubu mbili kubwa zenye masikio.

"Na hiki iko cha kizamani. Kinachelewa. Lakini kina kiwiko, unaona? Kamera inainama mpaka inatazama miguu yako. Kazi ya kunakili picha, kazi ya hati, watu wanatumia hiki. Skrubu unaweza kukaza kwa mkono wowote, polepole. Wewe unataka kwa kazi gani, mzee?"

Jibu la kweli lilikuwa rahisi. Sibomana alikwisha kuona kwa macho yake kwamba kile cha chuma ndicho. Lakini Silvère alikuwa amesema "mkono wowote", na Habiyaremye alikuwa amejongea, anatazama.

"Kazi zote," alisema. "Nionyeshe hicho cheusi."

Alitoa kamera yake begani na kuitelezesha kwenye kishikio cheusi. Ilimlazimu kuutoa mkono wa kulia mfukoni. Alisukuma klapu kwa kidole gumba. Kidole kilifika katikati, kikagoma.

"Haijalia," alisema Silvère. "Lazima ilie. Nikusaidie?"

"Imelia," alisema Sibomana. "Hukusikia tu, kwa kelele za hawa."

Silvère alimtazama usoni, akautazama ule mkono, kisha akainamisha macho na kuanza kufunga kishikio cheusi kwenye gazeti. Alikuwa mtu mzima. Alijua maana ya mkono kama ule katika mji ule. Na Sibomana alitoka dukani akiwa amebeba kitu alichojua wazi kwamba si chenyewe.

Asubuhi iliyofuata, mwanga wa dirishani ulipokuwa mzuri, aliilaza picha ya darasa mezani na kusimamisha trepye. Kishikio cheusi kiliinama nusu tu, kikakataa kuendelea. Basi akafupisha mguu mmoja wa trepye, akauegemeza mwingine kwenye ukingo wa meza, mpaka kamera ikatazama chini jinsi alivyotaka, huku uzito wake wote ukining'inia kwenye klapu. Aliisukuma klapu tena kwa kiganja. Alingoja ilie. Haikulia.

Aliinama kutazama kwenye kitundu cha kamera. Uso wa Ingrid ulikuwa hapo katikati, mdogo, wa kijivu. Akaugusa mguu wa trepye kuusogeza kidogo tu, na kamera ikachomoka.

Nyiraneza alisikia kishindo akatoka jikoni. Alimkuta mumewe ameishika kamera kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota ndege aliyekufa. Kioo cha kinga kilikuwa kimepasuka, na ile sindano ya kupimia mwanga imelala upande mmoja, haiinuki. Lenzi yenyewe ilikuwa imepona. Lakini kona ya kamera ilikuwa imetoboa picha ya darasa. Tundu lilikuwa safu ya nyuma. Halikuwa kwenye uso wa Ingrid. Lilikuwa kwenye uso wa mtoto aliyesimama kando yake.

"Mwambie kweli," alisema Nyiraneza.

"Nitamwambia nini?"

"Nimesema kweli. Ya leo na ya kanisani. Ukikataa, nitakwenda Rebero mimi mwenyewe."

Hakungoja aende. Sibomana alipanda Rebero siku ileile, kwa miguu, picha ikiwa kifuani ndani ya shati. Alimkuta Cécile uani, cherehani mbele yake, hashoni kitu. Alikaa kwenye kiti alichopewa na kuiweka picha juu ya meza ya cherehani.

Cécile alipitisha kidole kwenye ukingo wa tundu.

"Huyu ni Iteka," alisema polepole. "Yu hai. Jana nimemwona akitoka kisimani."

"Kamera ilianguka. Nilichagua kishikio kibaya, na nilijua ni kibaya. Mama Ingrid, siku ile ya komunyo pia, filimu haikuwa mbovu." Aliutoa mkono mfukoni akauweka mezani, mbele yake, ukitetemeka. "Ni huu. Nilikanyagwa uwanjani, ule mwaka walipotushika. Sikutaka mtu ajue."

Cécile hakuushangaa.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Nilikuwa benchi la mbele. Niliiona kamera inavyotikisika. Nikajisemea, picha hizi hazitatoka. Pale nje ya kanisa palikuwa na wapiga picha wengine, wamesimama tu, wanangoja wateja. Ningeweza kumwita mmoja. Lakini ningesema nini? Mbele ya watu wote wale, niseme mzee huyu mkono wake umevunjika? Wangeuliza umevunjikia wapi. Nikakuonea haya, nikakuogopea. Nikajiambia, picha ni karatasi tu, mtoto ninaye."

Kuku walikuwa wakiparura majivu. Sibomana alitaka kumwambia kwamba si kosa lake, lakini aliona lingekuwa neno jepesi, na mwanamke yule hakuwa akingoja faraja kutoka kwa mtu aliyemkosesha uso wa mwanawe. Ndipo Cécile akaanza kulia, bila kujifunika, na Sibomana naye machozi yakamtoka, nao wakalia hivyo, kila mtu na upande wake wa meza.

Baadaye Cécile alijifuta kwa pindo la kitenge akasimama.

"Hicho kishikio kizuri kiko wapi?"

"Dukani kwa Mrundi mwenzako."

"Twende."

Silvère alipowaona wakiingia pamoja, hakuuliza. Cécile alimsalimu kwa Kirundi, akavishika vishikio vyote, akakigeuzageuza kile cha chuma kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata. Alikaza skrubu moja kwa nguvu, akaivuta kamera ya Sibomana iliyofungwa juu yake, akaitikisa. Haikucheza.

"Hiki," alisema.

"Nilijua mtarudi," alisema Silvère kwa sauti ya chini, akimtazama Sibomana. "Ningekwambia siku ile, mzee. Lakini kulikuwa na watu." Alikipokea kile cheusi bila ubishi, na juu yake akaongeza waya wa kubonyezea, ule unaokuwezesha kuiamrisha kamera bila kuigusa.

Walifanya kazi ile asubuhi nyingine, watatu. Nyiraneza alishikilia shuka jeupe karibu na dirisha ili mwanga urudi mezani. Cécile alikaza skrubu huku Sibomana akimwelekeza: ya kiwiko kwanza, halafu ya chini ya kamera, taratibu, usilazimishe. Kamera iliinama na kutazama meza kama mtu anayesali. Sibomana alibonyeza waya kwa mkono wa kushoto. Jicho likafunguka. Wote wakazuia pumzi, ingawa hakukuwa na haja. Jicho likafumba.

Kwenye chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, alimruhusu Cécile asimame karibu na beseni la dawa. Karatasi ilikaa nyeupe, ikakaa, kisha uso ukaanza kupanda kutoka chini kama unatoka topeni. Haukuwa umecheza. Kila kilichokuwamo kilionekana. Lakini kilichokuwamo kilikuwa kidogo. Punje ilikuwa imekuzwa mpaka ikawa mchanga mtupu. Pua ilikuwa kivuli, nywele zilikuwa doa. Na mtoto hakuwa akitazama kamera. Alikuwa amegeuka nusu kumwelekea mwenzake, macho yamefumba nusu, mdomo wazi.

"Alikuwa anaongea," alisema Cécile. "Tazama. Sista amewaambia wanyamaze, yeye anaongea."

"Ndiyo."

"Huwezi kuifanya iwe wazi zaidi?"

"Hapana, Mama Ingrid. Nikikuza zaidi, nakuza mchanga. Kisichoingia siku ile siwezi kukiingiza leo."

Cécile alitikisa kichwa kukubali. Aliitazama hadi ikakauka. Alipoichukua alisema, "Si yeye kabisa. Lakini atakayeingia nyumbani kwangu atajua kulikuwa na mtoto." Hakushukuru, wala Sibomana hakutegemea ashukuru.

Tangu hapo trepye ilisimama wazi katikati ya studio. Wateja wengine walipoiona, na kuuona mkono, hawakurudi. Mmoja alitema mate mlangoni. Wengine walibaki. Mabomu ya mkono yalianza kulipuka masokoni na kwenye vituo vya mabasi, na watu wakawa wanakuja familia nzima, wasionunua hata nguo mpya, wanasema tu: tupige wote kwa pamoja, tukiwa bado tuko. Sibomana aliwapanga, akawafunga kwenye fremu, akabonyeza waya. Hakuwauliza kitu.

Katika kiangazi cha 1993, Cécile alikuja kuaga. Alikuwa amefunga cherehani yake kwa kamba na kuipakia kwenye gari la mizigo. Alikuwa anarudi Buyenzi kwa dada yake. Kule uchaguzi ulikuwa umekwisha kwa salama, watu walicheza ngoma barabarani.

"Hapa sina mtu tena," alisema. "Ila kaburi."

"Nenda, mama," alisema Sibomana. "Kule kuna amani. Sisi tutakwenda kulifyekea majani."

Nyiraneza alimsindikiza hadi barabara kuu. Mwezi wa kumi, redio ilitangaza kwamba rais wa Burundi ameuawa, na baada ya hapo zikaja habari za milima iliyowaka moto. Wakimbizi walivuka mpaka kwa makundi. Wachache walifika Kigali, na baadhi yao walihitaji picha kwa ajili ya vitambulisho vya ukimbizi. Kila aliyesema ametoka Bujumbura, Sibomana alimuuliza kama anamjua Cécile, mjane, mshonaji, anayekaa kwa dada yake Buyenzi.

Mwanamke mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alijaribu kwa dhati kukumbuka. Alifumba macho.

"Buyenzi iko na washonaji wengi, mzee," alisema mwishowe.

"Asante, mama," alisema Sibomana. "Kaa pale kwenye kiti. Inua kichwa kidogo."